Kusuka Gurudumu

Mtu anayetaka magurudumu ya baiskeli ya milimani yanayolingana na uzito wake na njia zake hununua vipande kimoja kimoja: ringi, habu, spoku, na nati ndogo zinazoshika spoku kwenye ringi. Kisha humkabidhi fundi aviunganishe. Kiingereza huiita kazi hiyo kwa neno lile lile la kujenga nyumba, na mtafsiri mwenye haraka ataandika "kujenga gurudumu". Tafsiri hiyo naiona inapotosha, na hasara yake haiishii kwenye kamusi, bali humfikia mnunuzi mfukoni. Neno linalofaa tunalo tayari, nalo ni kusuka.

Kinachojengwa husimama kwa kulaliana. Tofali hubeba tofali, na nguzo hubeba paa. Gurudumu la mbao la mkokoteni lilikuwa hivyo hivyo: mti ulio chini ya kitovu husimama kama nguzo. Spoku ya waya haiwezi. Ishike ncha zote mbili uisukume kwa ndani, itapinda upesi kama ufito mbichi. Ivute, na mikono yako itachoka kabla yake. Nguvu yake yote iko katika kuvutwa, ndiyo maana gurudumu la waya hukazwa kwanza, spoku zote zikiivuta ringi kuelekea kwenye habu, kabla halijabeba hata kilo moja. Mzigo ukilikalia, spoku za chini hupunguza mkazo wao kidogo, na huko kupungua ndiko kubeba kwenyewe. Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani aliyechapisha kitabu kizima juu ya gurudumu la baiskeli mwaka 1981, alilionyesha jambo hili kwa hesabu.

Kuna pia namna spoku zinavyopita. Tangu James Starley wa Coventry, Uingereza, alipopata hataza yake mwaka 1874, spoku za kawaida hazitoki kwenye habu kama miale ya jua. Hutoka kwa ubavu, nusu zikielekea mbele na nusu nyuma, zikakatana njiani. Kwenye gurudumu la spoku 32 au 36, kila spoku kwa kawaida hukatana na wenzake watatu: inayopita nje huwapita wawili kwa juu, kisha hupita chini ya wa tatu. Juu, juu, chini. Aliyewahi kutazama ukili ukisukwa ataujua mwendo huo bila kufundishwa. Mpangilio wenyewe basi tuuite msuko, na huu uwe msuko wa mara tatu.

Atakuja mtu aseme kusuka ni kwa nywele na mikeka, si kwa vyuma. Mafundi umeme walikwisha kumjibu, maana kila siku wanasuka mota, na hakuna anayedhani wanaziremba. Pingamizi zito zaidi ni kwamba yapo magurudumu ambayo spoku zake hazikatani kabisa. Ni kweli, hasa ya mbele kwenye baiskeli za mashindano ya barabarani. Lakini baiskeli ya milimani ya siku hizi hutumia breki za diski. Diski huikamata habu, na kule kusimama lazima kupite kwenye spoku mpaka kuifikia ringi na tairi. Spoku iliyotoka moja kwa moja kwenye habu haina ubavu wa kuvutia ringi. Ile ya kukatana inao. Kwa hiyo hapa kwenye milima, ambako neno linahitajika zaidi, kusuka si sitiari tu.

Wengine watasema mafundi wanalo neno lao, kunyoosha ringi, na linatosha. Neno hilo ni zuri kwa kazi yake, ila hutaja sehemu ndogo ya kazi nzima. Ringi inaweza kuzunguka imenyooka kabisa huku spoku moja ikiwa imekazwa mno na jirani yake imelegea, zikigombana kimya kimya. Itatoka kwa fundi ikipendeza, na baada ya wiki chache spoku itakatika. Mara nyingi inayokatika ni ile iliyolegea, kwenye kona yake pale inaposhikana na habu, kwa sababu kila mzunguko huikunja na kuikunjua. Kwa hiyo tunahitaji neno la pili, nami nachagua mkazo, kutoka kukaza, ambalo liko mdomoni mwa kila fundi baiskeli. "Mvutano" nauacha, msomaji wa magazeti atasikia ugomvi.

Tukiupeleka msamiati huu Tukuyu, mji wa milimani wilayani Rungwe, Tanzania, uchaguzi wa vipande unajieleza. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Kyela huporomoka karibu mita 1,000 kuelekea Ziwa Nyasa. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi mno nchini. Kwa baiskeli isiyo na breki za diski, ringi ya chuma iliyopakwa kromiamu ikilowa, breki za mpira huteleza juu yake. Alumini ni bora. Spoku ziwe za chuma kisichoshika kutu, zilizokonda katikati na nene nchani. Wembamba huo huwatisha wanunuzi, lakini spoku ya namna hiyo huvutika kidogo zaidi, hivyo hailegei upesi ringi inapogonga jiwe. Nati ziwe za shaba.

Isisemwe kwamba haya ni anasa ya watalii na hayamhusu anayeshusha mikungu ya ndizi kutoka migombani. Tom Ritchey, Mmarekani aliye miongoni mwa waanzilishi wa baiskeli za milimani, alipofika Rwanda mwaka 2005 alirudi akasanifu baiskeli ndefu ya kubebea magunia ya kahawa, kwa ujuzi ule ule. Nazo baiskeli za zamani za Kiingereza zilizoenea kwetu, mfano Raleigh, zilikuja na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu uzito hukaa nyuma.

Namna ya kumchagua fundi nayo inatokana na neno. Anayeulizwa "utanisukia?" badala ya "utaninyooshea?" ataanza na maswali yake: uzito wako, mzigo wako, njia yako, breki gani. Atapima urefu wa spoku kwa milimita. Akimaliza kukaza atazibana mbili mbili kwa kiganja, kwa nguvu, zikae sawa kwenye habu, kisha arudie kukaza. Ukienda kuchukua gurudumu, zigonge spoku kwa kucha moja baada ya nyingine kama nyuzi za zeze. Za upande mmoja zikaribiane sauti. Kwenye gurudumu la nyuma, upande wa gia utalia juu zaidi ya upande wa pili. Huko si kukosea, kwa kuwa gia zimechukua nafasi, na spoku za upande huo husimama wima zaidi na kudai mkazo mkubwa ili ringi ibaki katikati.