Shinikizo la upepo katika matairi mapya ya malori

Shinikizo la upepo ni nguvu ambayo hewa iliyojazwa ndani ya tairi hulisukumia tairi hilo kwa nje, na katika malori huamuliwa upya kila matairi yanapobadilishwa kwa mengine ya saizi, muundo au uwezo tofauti. Kinachobeba mzigo hasa ni hewa, ilhali mpira na waya zilizomo ndani yake huizuia hewa hiyo isitoke. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kujulikana ni uzito ulio juu ya kila ekseli, ambao hupatikana kwenye mizani.

Ubavuni mwa tairi huandikwa namba za uwezo wa mzigo. Tairi la 315/80R22.5 lenye namba 156/150 hubeba kilo 4,000 likifungwa peke yake na kilo 3,350 likifungwa sambamba na jingine, kwa shinikizo la kilopaskali 850, yaani takriban paundi 123 kwa inchi ya mraba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu ekseli ya usukani ibebe tani 8, kwa hiyo matairi mawili ya mbele ya aina hii, lori likifikia kikomo hicho, hutumia uwezo wake wote na hayana nafasi ya kupungukiwa upepo hata kidogo. Mwenye lori akiweka badala yake matairi ya 295/80R22.5 yenye namba 152/148, ambayo kila moja hubeba kilo 3,550, ekseli hiyo haitavuka kilo 7,100, na hakuna upepo utakaoziba pengo hilo. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne na mzigo wa tani 10 huliachia kila tairi kilo 2,500 tu, hivyo jedwali la mtengenezaji hutaja shinikizo dogo zaidi. Mazoea ya kujaza matairi yote sawasawa hulifanya tairi la nyuma lidunde, lilike katikati na kupunguza mshiko wakati wa kufunga breki.

Hata hivyo, upepo pungufu ndio hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ubavu unaojikunja kila mzunguko huzalisha joto linaloachanisha tabaka za tairi hadi likapasuka. Katika matairi pacha, lenye upepo mdogo humwachia mwenzake mzigo na huburuzwa naye. Kipimo huchukuliwa tairi likiwa limepumzika saa tatu au zaidi, na ongezeko linaloonekana safarini halipunguzwi, kwa kuwa hesabu za jedwali tayari zimelizingatia. Tairi lililopoteza sehemu moja ya tano ya shinikizo lake huhesabiwa kuwa limeishiwa upepo, nalo hupaswa kuvuliwa na kukaguliwa ndani kabla ya kujazwa tena.