Istilahi za Mapigo ya Moyo: Kutoka Karema Hadi Mpanda

Mwaka 1889 aliwasili Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, kijana aliyeitwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, kisha akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Aliwatumikia watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956.

Tabibu wa zama zile aliyetaka kujua hali ya moyo alitegemea kidole, sikio na saa. Kidole kilimpa habari mbili kwa pamoja: kwanza, mapigo ni mangapi kwa dakika, pili, kama yanafuatana kwa nafasi zilizo sawa. Lugha yetu ilizibeba habari zote mbili kwa neno moja, "mapigo", wala halikuleta madhara makubwa, kwa kuwa aliyehesabu ndiye aliyetibu.

Mambo yalibadilika chombo kilipoanza kuandika. Mwaka 1901 Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alieleza mtambo wake wa kupima umeme wa moyo. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1961 Desmond Julian, daktari wa Uingereza, alipendekeza wagonjwa waliopatwa na mshtuko wa moyo wawekwe katika wodi maalumu na kuangaliwa na mitambo usiku na mchana. Sababu yake ni wazi. Msuli wa moyo uliokosa damu huweza kuvuruga umeme wake, hasa katika saa za mwanzo. Ventrikali zikapapatika badala ya kusukuma damu, na mgonjwa akafa kwa dakika chache asiposaidiwa. Mwaka huohuo Norman Holter wa Marekani alitangaza chombo cha kuvaliwa, kinachoandika mapigo mgonjwa akiendelea na shughuli zake.

Hapo ndipo upungufu wa istilahi ulipojitokeza. Tuchukue mgonjwa wa Mpanda aliyetibiwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Anarejea nyumbani, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, akiwa na karatasi iliyotafsiriwa: "Angalia mapigo yako." Anahesabu, anapata 72 kwa dakika, anaridhika. Kumbe mapigo hayo yanarukaruka, na hilo ndilo alilotakiwa kuliangalia. Mtafsiri hakukosea sarufi. Ila amempa mgonjwa nusu ya agizo.

Tulipima maneno matatu. "Wizani" ni neno zuri, lakini hulijua zaidi wanafunzi wa ushairi. "Mdundo" hueleweka na wote, ila aghalabu humpeleka msikilizaji kwenye ngoma. "Mpangilio wa mapigo" ni refu kidogo, lakini linajieleza lenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza "kasi ya mapigo" kwa idadi yake katika dakika, na "mpangilio wa mapigo" kwa namna yanavyofuatana. Hali ya ventrikali tuliyoitaja iitwe "kupapatika kwa ventrikali"; aliyemwona kuku aliyechinjwa hahitaji maelezo zaidi.

Lipo pia tatizo la "mshtuko". Ugonjwa wenyewe huitwa mshtuko wa moyo, na tiba ya umeme inayourejesha moyo katika mpangilio wake nayo huitwa mshtuko. Neno moja lisiwe jina la maradhi na la dawa katika sentensi moja. Tunashauri tiba iitwe "kugutusha moyo kwa umeme".

Ni desturi katika kazi hii kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa ng'ambo. Walimu na watumishi wa Katavi wanaishi miongoni mwa wasemaji wa Kibende, Kipimbwe na Kikonongo. Iwapo lugha hizo zina neno moja fupi la moyo unaopiga bila mpangilio, tunawaomba watuletee. Agizo la daktari halina budi kufika Mpanda likiwa kamili kama lilivyotoka kinywani mwake.