Umeme Ndani ya Ubongo: Historia ya Tiba ya Ugonjwa wa Kutetemeka

Katika mitaa na vijiji vyetu kando ya Ziwa Tanganyika, mzee anayetetemeka mkono, anayeburuta miguu, na ambaye uso wake hauonyeshi tena furaha wala huzuni, hudhaniwa upesi kuwa amerogwa au amelewa. Historia yatufundisha jina lingine la hali hiyo.

Mwaka 1817 daktari Mwingereza, James Parkinson, aliandika kijitabu juu ya watu sita wa namna hiyo. Baadhi yao aliwaona barabarani tu. Chanzo kilibaki fumbo kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1960, mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake walionyesha kwamba ubongo wa wagonjwa hao umepungukiwa na dopamini, kitu kinachopeleka ujumbe wa kuongoza mwendo wa mwili. Hapo ikapatikana njia ya kutumia levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Hadi leo ndiyo dawa kuu.

Lakini miaka ikipita, nguvu ya dawa huyumba. Madaktari wa upasuaji waliwahi kuunguza sehemu ndogo ya ubongo ili kutuliza mtetemeko. Nacho kilichounguzwa hakirudi tena. Mwaka 1987, huko Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid alikuwa akipima kwa umeme mahali pa kuunguza. Akaona kwamba umeme unaopiga mara 100 hivi kwa sekunde huusimamisha mtetemeko pasipo kuunguza kitu. Yeye na Pierre Pollak wakaamua kuziacha nyuzi nyembamba ndani ya ubongo, zikiunganishwa na betri iliyofichwa chini ya ngozi ya kifua. Mwaka 2002 Marekani iliikubali tiba hiyo kwa ugonjwa wa Parkinson.

Tusidanganyike: umeme huo hauponyi. Hupunguza mtetemeko na ukakamavu, lakini ugonjwa huendelea. Betri huisha, na daktari hana budi kurekebisha mashine mara kwa mara. Tena huwafaa hasa wale ambao levodopa iliwasaidia hapo awali.

Upasuaji huo u mbali na Kalemie. Hata hivyo, hatua ya kwanza haidai mashine, yadai macho. Katika wilaya ya Hai, nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapata wagonjwa 33 kati ya watu 161,071, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiishi pasipo dawa, si kwa sababu haikuwapo duniani, bali kwa sababu hakuna aliyewatambua.

Kongo yetu iliwapokea watu wawili mashuhuri waliopatwa baadaye na ugonjwa huu: Muhammad Ali, aliyepigana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, na Papa Yohane Paulo II, aliyefika mwaka 1980 na 1985. Wote wawili walionekana hadharani wakitetemeka, wala hawakujificha.

Basi, tukimwona mzee wetu akipungua mwendo, tusimtafutie mchawi wala tusimcheke. Tumsindikize hospitalini, tumweleze daktari yote tuliyoyaona: mtetemeko, ukakamavu, hatua fupi. Akipewa dawa, tumkumbushe saa zake, wala asiiache ghafula. Mzee aliyeitwa mchawi hupoteza jamaa kabla ya kupoteza nguvu. Hasara hiyo ya kwanza twaweza kuizuia sisi wenyewe.