Kozi Fupi za Sera za Uhamaji na Ushahidi wa Tanzania Magharibi

Kozi fupi za kitaaluma kuhusu uhamaji wa kimataifa, ambazo huwakusanya maofisa wa serikali, wanasheria, watumishi wa mashirika ya misaada na watafiti vijana kwa wiki mbili au tatu wakati vyuo vikuu vya Ulaya vikiwa katika likizo ya majira ya joto, zina deni kubwa kwa programu ya taaluma ya wakimbizi iliyoasisiwa Oxford mwaka 1982 na mwanaanthropolojia Barbara Harrell-Bond. Kitabu chake cha mwaka 1986, Imposing Aid, kilichotokana na utafiti miongoni mwa wakimbizi wa Uganda waliovuka kuingia kusini mwa Sudan, kilionyesha jinsi misaada inavyoweza kumnyima mkimbizi sauti katika mambo yanayomhusu mwenyewe. Taaluma ambayo Waafrika wengi huifuata ng’ambo kama bidhaa iliyokamilika ilijengwa, kwa kiasi kisichokuwa kidogo, juu ya ushahidi uliokusanywa Afrika, na ni haki kuuliza ushahidi huo unapewa nafasi gani darasani.

Mtaala wa kawaida wa kozi ya aina hii hupita njia inayotabirika. Huanza na nadharia, kuanzia kanuni za uhamaji alizoziandika E. G. Ravenstein mwaka 1885 hadi maelezo ya mitandao ya jamaa inayomvuta mhamaji mmoja baada ya mwingine. Huingia katika sheria, yaani Mkataba wa Geneva wa 1951 na Itifaki yake ya 1967. Kisha hufikia sera, hasa makubaliano ya Marrakech ya Desemba 2018 kuhusu uhamaji salama na wenye utaratibu, ambayo hayazifungi nchi kisheria. Kama ratiba, mpangilio huo hauna ubaya. Lakini ndani yake imejificha dhana kwamba mkimbizi, mhamaji wa kiuchumi, mwomba hifadhi na mkazi asiye na kibali ni aina za watu zilizokuwapo kabla ofisa hajafungua jalada, na kwamba kazi ya sera ni kulipa kila kundi stahili yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uainishaji, yaani kitendo cha dola kumweka mtu katika kundi lenye haki na mipaka yake, ndio kiini cha sera ya uhamaji, na kwamba kozi isiyomwezesha ofisa kuutazama uainishaji huo kama kazi ya mikono yake haijamfundisha jambo la msingi.

Tofauti za mikataba yenyewe zinatosha kuanzia. Mkataba wa Geneva humtambua mkimbizi kwa hofu yake yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa, hivyo kwa kawaida kila mwombaji hupimwa peke yake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliwaongeza wanaokimbia uvamizi, ukaliaji, utawala wa kigeni au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma, hata yakiwa katika sehemu tu ya nchi yao, na kwa njia hiyo ukarahisisha umati mzima kutambuliwa kwa pamoja pale mpakani. Mtu aliyekimbia mapigano anaweza basi kuwa mkimbizi kamili Kigoma, na Ulaya akapewa hifadhi ya daraja jingine au akanyimwa kabisa, ilhali yaliyomsibu ni yale yale.

Darasa lenye mafunzo mengi zaidi, hata hivyo, ni Tanzania Magharibi. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwasukuma maelfu mengi ya Wahutu kuvuka mpaka, na serikali ya Julius Nyerere, ambaye mwaka 1983 alitunukiwa Medali ya Nansen kwa ajili ya huduma kwa wakimbizi, iliwapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo katika eneo la Mpanda, ambalo sasa limo mkoani Katavi. Wengine hawakufika huko, bali walijichanganya na watu wa mji wa Kigoma. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti sehemu zote mbili katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha Purity and Exile mwaka 1995, aligundua kwamba watu waliotoka nchi moja kwa sababu moja walikuwa wamekuwa watu tofauti. Mishamo, ambako kutoka kulihitaji kibali na kila familia ilihesabiwa kwa ukimbizi wake, wakazi walikuwa wamejitungia historia nzito ya taifa la Wahutu lililo uhamishoni, na kuitwa mkimbizi kukawa kama ushahidi wa uhalali wa madai yao. Kigoma mjini, ambako mtu aliweza kujitambulisha kwa dini, kwa ndoa au kwa mtaa alimoishi, wengi waliliepuka jina hilo. Utaratibu wa kiutawala haukuwakuta watu hawa walivyo, uliwafinyanga.

Miaka 35 baada ya mauaji ya 1972 uainishaji ulifanyika upya. Kwa mpango ulioanza mwaka 2007 kati ya Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), wakazi wa makazi hayo walitakiwa kuchagua kurudi kwao au kuomba uraia wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuandikishwa. Walio wengi waliomba uraia, na kufikia mwaka 2010 takriban watu 162,000 walikuwa wameidhinishiwa. Vyeti, hata hivyo, vilizuiwa, kwa kuwa wahusika walitakiwa kwanza kuhama na kutawanyika katika mikoa mingine, mpango ambao ulikwama. Ni kuanzia Oktoba 2014 ndipo vilipoanza kutolewa bila sharti hilo. Kwa miaka hiyo minne walikuwa wameukana uraia wa Burundi, hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha ofisa yeyote kwamba ni Watanzania, na hadhi yao ya ukimbizi ilibaki ikining’inia. Hakuna kundi katika jedwali la mtaala wa kawaida linaloweza kuwabeba.

Historia hiyo isisomwe kama sifa ya ukarimu peke yake. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi na kupokelewa wilayani Ngara. Desemba 1996 serikali, kwa tamko la pamoja na UNHCR, iliwataka waondoke kabla ya mwisho wa mwezi, na vikosi vya usalama vikasimamia msafara wa kurudi. Mkataba wa 1969 haukuwa umebadilika hata neno moja. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliichukua maana pana ya mkataba huo, lakini ikawabana wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa. Mwaka uliofuata Bonaventure Rutinwa, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijadili kama hifadhi barani Afrika imefikia mwisho, na miongoni mwa sababu za kugeuka kwa sera alitaja wingi wa wakimbizi, hofu za kiusalama na nchi tajiri kutochangia mzigo ipasavyo.

Inaweza kupingwa kwamba ofisa wa mpakani anahitaji kujua hati ipi ni ya kughushi, wala si anthropolojia. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba ofisa huyo huyo ndiye anayeamua swali lipi liulizwe na jibu liandikwe wapi. Uzito wa kisanduku kimoja cha fomu unaonekana pia Ghuba: sheria ya kazi ya Saudi Arabia ya mwaka 2005 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, hivyo mwanamke kutoka Mombasa au Tanga aliyeajiriwa kupika alikosa kinga aliyopewa mwenzake wa kiwandani.

Suala la fedha nalo halikwepeki. Katika mkutano wa Valletta kuhusu uhamaji wa Novemba 2015, Umoja wa Ulaya ulianzisha mfuko wa dharura kwa ajili ya Afrika, na sehemu ya fedha zake imegharamia mafunzo ya maofisa katika Pembe ya Afrika. Anayelipia darasa huchagua swali, na swali la Ulaya ni jinsi ya kuwazuia watu wasifike, ingawa Waafrika wengi wanaohama kusini mwa Sahara hubaki barani humu.

Nyenzo za kozi ya namna nyingine zipo. Moshi kuna chuo cha kikanda cha mafunzo ya uhamiaji, ambako Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) limekuwa na kituo cha kuwajengea uwezo maofisa wa Afrika tangu 2009; vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere na Moi vina wataalamu; na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, huleta kila siku kesi za kujadiliwa. Wiki moja kati ya tatu ingetumika Katavi na Kigoma, washiriki wakisoma majalada na kuwasikiliza waliowahi kuandikwa ndani yake. Bila hivyo, kozi hizi zitaendelea kutoa vyeti kwa maofisa wanaoujua vyema Mkataba wa Geneva na wasioweza kueleza kwa nini wakazi wa Mishamo walikaa miaka minne na uraia usio na cheti.