Idhini ya Kisu: Tiba ya Ngiri kutoka Baghdad hadi Kilosa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, aliyekulia Kilosa anamjua mzee wa ngiri. Ujana wake umekwisha katika mashamba ya mkonge, na leo anaswali kwa kukaa, kwani kila akirukuu uvimbe humshuka kinenani. Chini ya kikoi amejifunga mkanda wa kitambaa, na hataki mtu ajue. Siku utumbo ukinaswa kwenye tundu na damu ikashindwa kupita, aibu hiyo hugeuka msiba.

Waarabu huiita ngiri *fatq*, kutokana na *fataqa*, yaani kupasua kilichoungana. Kinyume chake ni *ratq*, kuunganisha kilichopasuka. Basi kazi ya tabibu wa ngiri ni ratq: kurudisha kilichotoka na kuziba ufa. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kuwa kiasi cha wanaume 12 katika kila 100 nchini Tanzania wana ngiri ya kinena. Swali letu leo ni hili: nani anayefaa kushika kisu?

Mtihani wa Baghdad

Mwaka 319 H (931 M) mtu mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir alipopata habari alimwamuru muhtasib, Ibn Batha, awazuie matabibu wote kufanya kazi mpaka wapewe mtihani na Sinan bin Thabit. Waliotahiniwa walizidi 860 katika pande mbili za mji, mbali na wale mashuhuri waliosamehewa.

Katika hao, wanahistoria wanamtaja mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Alikiri mbele ya Sinan kwamba hajui vizuri kusoma wala kuandika, akaomba asikatiwe riziki yake. Sinan hakumfukuza, wala hakumwachia mlango wazi. Alimruhusu kwa sharti asimtibu mgonjwa kwa asilolijua, wala asitoe damu wala dawa ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Hapa pana kanuni kubwa: idhini hupimwa kwa kiasi cha elimu.

Kanuni hii ina asili katika Sunna. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye kujitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Ibn al-Qayyim katika *Zad al-Maad* amepambanua baina ya huyo na tabibu hodari aliyepewa idhini, akaipa kazi haki yake, kisha madhara yakatokea bila ya kosa la mkono wake. Huyu wa pili hana dhamana.

Kadhalika Abul Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika juu ya fatq katika makala ya 30 ya *at-Tasrif*, akachora vyombo vya upasuaji kwa wanafunzi wake. Kabla ya hayo alitoa onyo. Alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe wa shingo ya mwanamke, akakata mishipa, na damu ikamtoka mpaka akafa. Kwa az-Zahrawi, asiyejua maumbile ya mwili hana haki ya kuupasua.

Kwetu Tanzania

Tangu miaka ya 1960 Tanzania iliwasomesha madaktari wasaidizi: matabibu wenye uzoefu walioongezewa miaka miwili ya masomo, wakafundishwa baadhi ya upasuaji, ikiwemo ngiri. Ifakara, kusini mwa Mikumi, ilikuwa moja ya vituo vya masomo hayo. Wapo waliotia shaka. Lakini utafiti wa Sierra Leone uliochapishwa mwaka 2021, kwa wagonjwa 230, ulionesha kuwa matabibu wasio na shahada ya udaktari, baada ya kufunzwa kutengeneza ngiri kwa wavu, hawakuwa nyuma ya madaktari. Na mwaka 2016 utafiti wa mashariki ya Uganda, kwa wanaume 302, ulionesha kuwa wavu wa bei nafuu, wa aina ya nyuzi za chandarua, ulifanya kazi sawa na ule wa kiwandani wenye bei kubwa.

Siku hizi kuna upasuaji wa matundu madogo: kamera huingizwa tumboni, na wavu huwekwa kwa ndani. Maumivu hupungua, na mgonjwa hurudi kazini mapema. Lakini mgonjwa hulazwa usingizi, vyombo ni ghali, na wataalamu wanakadiria mwanafunzi huhitaji operesheni 50 hadi 100 ndipo mkono wake utulie. Hizo zote zifanywe chini ya jicho la mwalimu. Kozi ya siku mbili na cheti cha ukutani havitoshi. Kwa hospitali ya wilaya, jeraha dogo la kinenani, ganzi ya mahali na wavu, kwa mkono uliofunzwa vizuri, ni bora kuliko kamera katika mkono unaobahatisha.

Faradhi iliyoachwa

Imam al-Ghazali katika *Ihya* ameuhesabu utabibu kuwa faradhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake: mji hauna tabibu Muislamu, na wanafunzi wote wanakimbilia mijadala ya fikihi. Lawama hiyo inatugusa. Mikumi, mgonjwa wetu hupokewa katika Hospitali ya Mtakatifu Kizito ya wenzetu Wakristo, nao wanastahiki shukrani. Sisi tuliokaa miaka mingi juu ya nahau na sarufi tujiulize: katika wanafunzi wa madrasa zetu, tumemtuma nani akasomee ratq?

Na wewe mzee mwenye mkanda, usingoje utumbo unaswe. Nenda mapema, na umuulize daktari bila ya haya: kazi hii umeifanya mara ngapi, na nani alikusimamia? Swali hilo Baghdad iliuliza kabla yetu.

Wallahu aalam.