Kura na Jiwe: Fundisho la Historia ya Kanisa la Uskoti kwa Sharika Zetu

Makala hii imezaliwa na kosa. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja wa nyanda hizi za kati niliokuwa nikiutumikia, uchaguzi wa wazee wa kanisa uligeuka kuwa ugomvi juu ya jengo. Upande mmoja ulitaka kanisa la zamani, la matofali ya udongo, libomolewe ili lijengwe kubwa zaidi. Upande wa pili ulikataa, ukikumbuka akina mama waliobeba maji ya kufyatulia matofali yale. Mimi, mchungaji wao, niliogopa mgawanyiko. Nikashauri jambo lisipigiwe kura, bali kamati ndogo iamue. Kamati iliamua, kanisa likabomolewa, na wazee watatu hawakuonekana tena ibadani. Tangu siku hiyo nimejiuliza: je, jengo la kanisa na kura ya washarika ni mambo mawili, au ni jambo moja?

Wako Wakristo waliolijibu swali hilo kwa gharama kubwa, nao ni Waskoti. Historia yao yafaa kusomwa na sisi tukaao hapa Ipagala, ingawa wao ni Wapresbiteri na sisi ni Walutheri.

Chimbuko la ugomvi

Mwaka 1712 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyowarudishia makabaila wa Uskoti haki ya kumteua mchungaji wa usharika. Wengi katika Kanisa la Uskoti waliiona sheria hiyo kuwa dhuluma, nao walizidi kuipinga kadiri miaka ilivyopita. Mwaka 1834 Mkutano Mkuu wa Kanisa uliamua kwamba wakuu wa kaya walio washiriki wa Meza ya Bwana, wakiwa wengi, waweze kumkataa mtu aliyeteuliwa. Tukumbuke kwamba wakuu hao wa kaya walikuwa wanaume tu. Kura hiyo haikuwa ya washarika wote.

Jaribio lilitokea upesi katika usharika wa Auchterarder. Kabaila alimteua Robert Young. Kati ya wakuu wa kaya 330, waliomkataa walikuwa 287. Waliotia sahihi kumwita walikuwa wawili tu. Shauri lilipelekwa mahakamani, na mwaka 1839 baraza la mabwana huko London likatoa hukumu ya kumpa haki kabaila. Hapo swali likawa wazi: je, usharika ni mali ya nani?

Walioyaacha mawe

Tarehe 18 Mei 1843, Mkutano Mkuu ulipokutana katika Kanisa la Mtakatifu Andrea mjini Edinburgh, wachungaji na wazee wengi walisimama, wakatoka nje, wakateremka kwa miguu hadi ukumbi wa Tanfield. Huko walimchagua Thomas Chalmers kuwa kiongozi wa mkutano wao, na Kanisa Huru la Uskoti likazaliwa. Wachungaji waliotoka walikuwa 474, zaidi ya theluthi moja ya wachungaji wote. Waliacha makanisa, nyumba na mishahara. Familia nyingi zilihama nyumba zilizokuwa zimekaa kwa miaka.

Walisali wapi? Wengine walisali ghalani, wengine mabondeni chini ya anga. Baadhi ya makabaila walikataa kuwapa hata kiwanja. Huko Strontian, mwaka 1846, washarika waliagiza kanisa la chuma lielealo, wakalitia nanga majini, wakawa wanaliendea kwa mashua. Watu waliokuwa wameyaacha mawe kwa ajili ya kura hawakuacha kujenga. Kufikia mwaka 1847 walikuwa wamejenga makanisa zaidi ya 700. Sheria ile yenyewe ilifutwa mwaka 1874.

Ushindi huo ulikuwa na kasoro yake. Katika vijiji vingi makanisa mawili au matatu yalisimama yakitazamana kwa mashindano. Makanisa yalipoungana mwaka 1929, majengo mengi yalibaki bila kazi, na mengine yamegeuzwa kuwa maduka na nyumba za kuishi. Jengo lililojengwa kwa kushindana na jirani ni urithi mzito kwa wajukuu.

Ukumbi uliongoja

Katika majengo yale ya Kanisa Huru umo Ukumbi wa Mkutano Mkuu juu ya kilima cha Mound mjini Edinburgh, uliochorwa na David Bryce na kufunguliwa mwaka 1859. Baada ya mwaka 1929 ukawa ukumbi wa Kanisa la Uskoti lililoungana.

Uskoti haikuwa na Bunge lake tangu mwaka 1707. Katika kura ya maoni ya mwaka 1979 waliosema ndiyo walikuwa wengi, lakini hawakufikia asilimia 40 ya walioandikishwa kama sheria ilivyodai. Jengo la shule ya zamani lililokuwa limetayarishwa kwa ajili ya baraza hilo likabaki bila baraza. Mwaka 1997 wananchi walipiga kura tena, wakakubali kwa asilimia 74. Bunge lilipokutana tarehe 12 Mei 1999, halikuwa na nyumba. Likapokewa katika ukumbi wa Kanisa juu ya Mound, likakaa humo hadi mwaka 2004, lilipohamia jengo jipya la Holyrood lililogharimu pauni milioni 414, kiasi kilichozidi mno makadirio ya mwanzo na kuzusha manung'uniko makubwa.

Basi ukumbi uliojengwa na watu waliotoka kwa ajili ya haki ya kuchagua, baada ya miaka 140 uliwapa hifadhi wawakilishi waliochaguliwa na taifa zima. Kama ungalibomolewa kwa kuwa umechakaa, ushuhuda huo ungalipotea.

Ugogo na Dodoma

Habari hizi haziko mbali nasi. Alexander Mackay, Mskoti aliyeongoza kazi ya kufungua barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877, yapata maili 230, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kanisa Huru. Aidha, Dodoma yenyewe ni mji uliopigiwa kura: mwaka 1973 matawi ya TANU yaliulizwa, kisha chama kikaamua kwamba makao makuu yahamie hapa. Majengo tunayoyaona leo yalitanguliwa na kura.

Lakini tunayo pia historia nyingine. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, Wagogo wengi walihamishiwa vijijini. Tembe, nyumba ile ya paa bapa la udongo iliyozunguka zizi na kuwaweka pamoja watu na mifugo, ikaachwa mahali pengi. Nia ya kuleta shule, maji na zahanati ilikuwa njema. Hata hivyo wenye tembe hawakuulizwa kama walivyoulizwa wenye matawi, na leo vijana wetu wengi hawajapata kulala ndani ya tembe.

Hitimisho

Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kwamba usharika wa Kikristo una haki ya kuyapima mafundisho na kuwaita walimu wake. Katika Matendo 6 mitume hawakuwateua wale saba peke yao; waliukusanya umati wa wanafunzi. Na 1 Petro 2:5 latufundisha kwamba mawe yaliyo hai ni watu.

Wengine hulitumia andiko hilo kusema kwamba jengo si kitu. Waskoti wa mwaka 1843 wanatusahihisha. Waliliacha jengo lilipotumika kuwanyima sauti, kisha wakajenga jingine ili sauti ile ipate mahali pa kukaa. Kulibomoa kanisa la wazee bila kuwauliza washarika ni kuwanyang'anya waliojenga kura yao ya mwisho. Na kulihifadhi kwa amri, bila kuwauliza walio hai, ni ukabaila uleule kwa sura nyingine.

Nduguzo katika huduma, mnapoletewa shauri la kubomoa, msiikimbie kura kama nilivyoikimbia mimi. Niliogopa mgawanyiko, nao ukaja kwa mlango wa nyuma. Wazee wale watatu wangaliweza kuvumilia kushindwa. Walichoshindwa kuvumilia ni kutoulizwa.