Maradhi ya Kiuno na Safari ya Elimu

Ndugu Waislamu, mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge katika nchi hii, ukapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Tangu hapo watu wa pwani yetu wameinama mashambani kuukata, na bandarini Tanga makuli wameubeba mabegani. Mali ilisafiri ng'ambo, maumivu ya viuno yakabaki majumbani.

Maradhi haya si mageni. Matabibu wa Kiislamu waliyaita irqun-nasaa, yaani maumivu yashukayo kutoka nyonga hadi mguuni. Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, aliyatibu kwa kuchoma moto. Na katika kitabu chake At-Tasrif aliwaonya wapasuaji wasishike kisu pasi na kuujua mwili wa binadamu.

Kuujua mwili kulichukua karne nyingi. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini, mfano wa mito. Kisahani kikipasuka, ute wake hutoka ukaubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Hayo yalibainishwa mwaka 1934 na madaktari wa Boston, William Mixter na Joseph Barr. Kabla yao kinyama kile kilidhaniwa ni uvimbe. Lakini upasuaji wa siku hizo ulitaka jeraha refu na kukatwa mfupa mwingi. Mwaka 1977 Gazi Yasargil, mzaliwa wa Uturuki, na Wolfhard Caspar wa Ujerumani wakaeleza upasuaji wa kutumia hadubini, jeraha likawa la sentimita chache tu. Baadaye ukaja mrija mwembamba unaopenyezwa kati ya misuli bila kuikata. Kwetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria mwaka 1996, na upasuaji wa namna hii umefika huko.

Basi tupate funzo. Wengi wenye kisahani kilichopasuka hupona bila kisu, kwa dawa, mazoezi na subira ya wiki kadhaa. Asikimbilie mtu kupasuliwa. Lakini mguu ukilegea, au mkojo ukizuia au ukatoka wenyewe, au sehemu za siri zikafa ganzi, hapo hakuna kungoja hata siku moja: mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Kumweka ndani na kusema amerogwa ni kumdhulumu, kwani mshipa uliobanwa ukichelewa kufunguliwa huenda usirudi tena.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila maradhi yana dawa, akatuamrisha kujitibu. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii mtu kutafuta tabibu. Kutafuta ni sehemu ya kutegemea. Dua iende na mgonjwa hospitali, isimzuilie nyumbani.

Wallahu aalam.